Mirathi ya Uwanja wa Kikapu

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya serikali hapa Tukuyu, nilisimama foleni nyuma ya mzee mrefu aliyekuja kuombea uwanja wa mpira wa kikapu usivunjwe. Alicheza hapo enzi za ligi ya mashirika ya umma. Shirika lake limeuzwa, na uwanja umetengwa kwa vibanda vya biashara.

"Timu yenu bado ipo?" karani alimuuliza.

"Ilikufa na shirika, mama. Ligi nzima ilikufa."

"Na wenzako?"

"Mmoja yuko Kisondela, analima migomba. Mfungaji wetu tulimzika Igogwe. Wengine sijui waliishia wapi."

"Kwa hiyo wewe ndiye msimamizi wa mirathi?"

"Mimi nilikuwa senta."

Karani alifikiri kidogo. "Senta hatumtambui hapa, mzee wangu. Tunatambua warithi na wawekezaji. Wanavunja Jumatatu."

Mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akageuka aondoke.

"Hebu subiri," karani alimwita, kidole kikielekea darini. "Tukazie hiyo balbu, ngazi hatuna."

Aliikaza bila kupanda kiti, kwa ncha za vidole. Taa ikawaka, mkono wake ukachelewa kushuka.

Mengi tumeyabinafsisha. Urefu wa mzee yule umebaki mali ya umma.