Jina la Juu kwenye Orodha

Baba yangu alikuwa akiniita Maitũ, yaani mama. Kwetu Wagikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa babake, na binti huyo wa kwanza nilikuwa mimi. Akitaka maji ya kunywa, alimwomba mamake, yaani mimi. Nikikosea, mama yangu ndiye aliyenichapa, kwa sababu baba alisema hawezi kumwinulia mkono aliyemzaa. Nilitumia nafasi hiyo vibaya, sikatai.

Jina lenyewe la mamake, ambalo ndilo nililopewa, alilichonga kwenye ubao na kuutundika kwenye lango la nyumba yake ya wageni kule Naro Moru. Vilikuwa vyumba vinne vya mbao, choo nje, na Mlima Kenya mbele yako asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Alikuwa amebebea watu mizigo mlimani miaka mingi hadi magoti yakamkataa, na jasho lake lote lilikuwa kwenye vyumba hivyo. Lakini watalii walimpita tu wakielekea hoteli kubwa ya juu, na mwenye hoteli alishamwambia mara mbili kwamba anaitaka ile ploti. Baba akasema kiangazi kijacho vyumba visipopata watu, atauza.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nikisomea kompyuta Nyeri mjini, nimejaa maringo ya mtu aliyeiona intaneti kabla ya jirani zake. Mwalimu wetu alitufundisha kutengeneza kurasa na kuzisajili kwenye tovuti za kutafutia, ili mtu wa Ulaya akiandika Mlima Kenya akupate. Nikautengeneza ukurasa wa baba, nikausajili. Nilipoutafuta niliukuta chini kabisa, kwa sababu orodha ilifuata alfabeti, na jina la nyanya, kama majina mengi ya wanawake wetu, linaanza na W.

"Hakuna mzungu atateremka mpaka huko," mwalimu akaniambia. "Watu wanaangalia kumi za kwanza, wanachoka."

Basi nikalitoa jina la nyanya. Nikabuni jina la Kizungu lenye A mbili mwanzoni, lisilo na maana katika lugha yoyote, na baada ya wiki chache tukawa wa kwanza. Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta. Baba sikumwambia. Nilijidanganya kwamba hayo ni mambo ya mtandaoni, hayagusi ubao wa langoni.

Barua pepe zikaanza kuja, nikawa nazijibu mwenyewe. Mume na mke Wajerumani wakasema watafika Januari, wakae siku tano, na wakipapenda watawaambia wenzao. Nilimpelekea baba habari kwamba wageni wanakuja. Akanunua blanketi mpya.

Mwezi huohuo wa Januari nikapata barua nyingine kutoka kwao. Walikuwa wamefika Naro Moru na kuonyesha watu lile jina, na kila mtu akatikisa kichwa. Kwenye lango moja mzee anayechechemea aliwaambia kwa heshima kwamba wamepotea, nyumba ya jina hilo haipo, kisha akawabebea mabegi mpaka hoteli ya juu. Alikataa kulipwa. Waliniomba, kama namjua, nimshukuru.

Nililia palepale, wanafunzi wenzangu wakinitazama.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Vitanda vyote vinne vilikuwa vimetandikwa, na baba alikuwa ameketi kando ya lango.

"Maitũ, wageni wako bado hawajafika," akasema. "Lakini kuna wengine walikuwa wamepotea, ati wanatafuta mahali sijawahi kusikia. Nikawasaidia."

Nilimweleza yote.

"Na hiyo jina yako iko na maana gani?"

"Haina, baba."

"Na ya mama iko wapi?"

"Niliitoa. Ilikuwa chini sana."

Nikamwambia nitalirudisha jina la nyanya Jumatatu asubuhi, kabla sijafanya lolote lingine.

"Ukirudisha, watatuona?"

Nilitaka sana kumdanganya. "Hapana," nikasema.

Aliinuka, akauteremsha ubao, akaulaza juu ya benchi na kuleta randa. Akaanza kulifuta jina la mamake, mkono ukienda na kurudi, maranda ya mbao yakianguka miguuni pake. Nilimsihi aache. Akanipa kalamu na kipande cha karatasi, akasema nimwandikie lile jipya ili asilikosee, kwa kuwa halikuwa jina la mtu anayemjua.

Wageni walikuja. Kabla ya kiangazi kuisha vyumba vyote vinne vilikuwa vimejaa, na ploti haikuuzwa. Nilikuwa sahihi kuhusu ile orodha, na sijawahi kuchukia kuwa sahihi kiasi hicho.

Jioni ile ya Jumamosi, alipomaliza kuchonga, alihitaji mtu wa kumshikia ubao aupigilie misumari. Akaita jina langu la ubatizo, ambalo maisha yangu yote lilikuwa la walimu na kasisi. Niligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Hapakuwa na mtu mwingine pale langoni.