Bi Saa na Sauti Inayochelewa

Saa mbili asubuhi, mlango wa karakana ya kompyuta kuukuu haujafunguliwa wote, na Bi Saa ameshainamisha sikio kwenye spika. Anabonyeza herufi. Kimya. Kisha sauti ya mashine inaitaja, imechelewa kama mgeni aliyepotea njia.

Jina hilo amebandikwa na mafundi wenzake, kwa kuwa kazi yake ni kupima kasi: mashine ipi irudi kazini, ipi ing'olewe vipuri. Hii ni ya mdogo wake, asiyeona, ambaye husomewa skrini na programu. Jumatatu anajaribiwa kazi ya kupokea simu hospitalini. Sauti ikichelewa, wapigaji watakata, na kazi ataipata mwingine.

Mashine mpya hawana uwezo wa kuinunua. Kwa hiyo dada mtu aliamua kuijenga upya programu yenyewe. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine, huweza kuamriwa kupunguza kazi zisizo za lazima. Akaiamuru, kisha akapima hesabu za kutengeneza sauti kwa jaribio alilolitunga. Kufumba na kufumbua, limekwisha. Akampigia mdogo wake simu, wakacheka hadi machozi.

Baadaye akaingiwa na shaka: haraka hiyo ilizidi. Kumbe jaribio lilipiga hesabu bila kulitumia jibu popote. Kompaila ikaona kazi isiyo na mwenyewe, ikaitupa yote. Alikuwa amepima utupu.

Kumwambia mdogo wake ndiko kulikomuuma. Alianza na habari za mama, akaingilia za mvua, mwishowe akasema.

“Sasa dada, kosa la hiyo kompaila liko wapi?” mdogo wake akajibu. “Hata mimi nikiambiwa nifagie chumba asichoingia mtu, nakaa tu.”

“Wewe mvivu toka tumboni.”

“Basi iambie kuna mtu anasubiri jibu.”

Ndivyo alivyofanya. Jaribio likalazimika kuandika jibu lake kwenye skrini. Safari hii muda ulipungua karibu nusu. Si muujiza, ila ni kweli.

Leo anaiweka programu hiyo iliyojengwa upya kwenye mashine, na mdogo wake ameketi kando, vidole tayari. Bi Saa anasema akifanikiwa hapa, atazijaribu hivyo mashine zote zinazongoja kung'olewa vipuri, kabla ya kuzikatia tamaa.

Kisha anajifanya mpigaji, anataja jina la mgonjwa kutoka orodha ya mazoezi waliyoitunga. Mdogo wake anachapa. Sauti inafuata vidole, na kichwa chake kinainuka.

“Nimempata,” anasema taratibu. “Yuko wodi ya pili, mama. Nikuunganishe?”