Garanti ya Nyumba ya Salama

Salama alishuka kwenye lori la msafara kutoka Muyinga, vumbi hadi kwenye kope, akapanda kwa miguu hadi mtaa wa Waswahili wa Gitega. Mlangoni pa nyumba yake mwenyewe akakuta karatasi yenye muhuri mwekundu. Ilisema nyumba itachukuliwa baada ya siku nane.

Akaisoma mara tatu. Akaketi kizingitini.

Bulonza, mpangaji wake, muuza vitenge aliyekimbia vita vya Kivu Kusini, akatoka akifunga vifungo vya shati. "Mama Salama, mutu wa banki alikuja juzi. Aliuliza, we iko nani humu? Nikasema, mi iko mpangaji. Akaandika, akabandika, akaenda. Hata maji alikataa."

"Mi nimekosa nini? Kila mwezi nalipa."

"Na mi nilitaka kukuuliza. Nilifikiri umeuza nyumba na mi ndani yake."

Salama hakucheka. Nyumba hiyo ilitoka kwenye cherehani. Miaka kumi na miwili ya kushona sare za shule ilizaa kuta. Mabati yalikuja na mkopo wa mwaka 1995, wakati wengine waling'oa ya kwao na kukimbia vita. Mwaka 1998 mama yake alipooza huko Muyinga, na barabara ilipitika siku za msafara wa askari tu. Kwenda na kurudi hakukuwezekana. Akabeba cherehani yake, akampangisha Bulonza, na kodi ikawa inalipa mkopo. Aliona amepanga mambo vizuri.

Kesho yake alikwenda benki na karatasi ile ndani ya kanga. Meneja, Sylvestre, alimkaribisha kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

"Mama, nyumba iko rehani kwetu. Ukitaka kuweka mpangaji, unatuandikia kwanza. Tukikubali tunakupa barua, ndiyo unamweka. We umeanza na kumweka."

"Niombe ruhusa ya nyumba yangu?"

"Siku ya mkopo nilikuambia nini?"

Alikumbuka neno kwa neno. "Uliniambia garanti isiende kwa mtu bila benki kujua. Ndiyo sababu niliileta hapa."

"Ulileta nini?"

"Garanti. Bulonza aliponipa sikugusa hata faranga. Siku ileile nikaileta dirishani."

Sylvestre akaweka kalamu chini. Mitaani Gitega, garanti ni fedha ya miezi mitatu ambayo mpangaji hutanguliza, naye hurudishiwa akihama. Ndani ya ofisi ile, garanti ni nyumba yenyewe. Siku ya mkopo waliitikiana kwa kichwa juu ya neno hilo, kila mmoja akaondoka na la kwake.

Daftari likaletwa. Fedha ya Bulonza ilikuwemo, kwa mwandiko wa karani: malipo ya mapema. Karani alidhani amepata mteja mwema.

"Basi nirudishie, ni ya mpangaji," Salama alisema.

"Imeshaingia kwenye mkopo, mama. Haitoki."

Salama akalitazama tena daftari. Aliingia humo akidaiwa ruhusa. Kumbe, bila kujua, alikuwa amelipa deni lake kwa fedha ya mkimbizi.

Sylvestre akamsogezea fomu. Ruhusa ingetolewa, na karatasi ya mlangoni ingefutwa, kama mpangaji angetia sahihi kwamba benki ikiitaka nyumba, anatoka.

Salama alirudi nayo nyumbani. Alimwambia Bulonza yote kama yalivyo, akasimama akingoja matusi. Bulonza aliisoma fomu polepole, kidole kikifuata mistari.

"Nyumba yangu ya Uvira niliitoka bila sahihi," alisema. "Leta kalamu. Na garanti yangu nitailala. Miezi mitatu ya mwisho silipi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Andika, mama. We na maneno ya kusikia, tumeona."

Akaandika.

Siku ya msafara alirudi Muyinga, barua ya benki kifuani: ruhusa, mwaka mmoja. Mama yake, ambaye ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi, akamuuliza nyumba ikoje.

Salama akaweka mkono kifuani, penye barua.

"Wameturuhusu kuwa nayo," alisema.