Fundo la Mama

Kwa miaka mingi Mama amekuwa akituma ndizi kutoka Nshamba kwenda kwa dada yake Mwanza kwa meli ya Bukoba. Hayaamini mabasi. Anasema watu wa meli hulaza mkungu kama mtoto.

Nilipoanza kazi Mwanza, akanipa mkungu niende nao. Kwenye kikonyo alifunga kamba ya mgomba, mafundo mawili na kitanzi. Sisi tuliosoma tuna ujuaji wetu: melini Bukoba niliikata, nikabandika karatasi yenye jina langu. Mzee mpakiaji, anayesafiri na meli, aliisoma karatasi. Kisha akaokota kamba ile sakafuni, akaifunga upya.

Asubuhi bandarini Mwanza karatasi ilikuwa imelowa na kubanduka. Mikungu imejaa gatini, yote ya kijani. Nikaanza kufoka. Mzee alipitisha vidole kwenye kamba moja baada ya nyingine, akauvuta mkungu wangu, hauna hata ndizi moja iliyochubuka.

Nikamnyooshea kitambulisho. Hakukitazama.

"Wewe ni wa yule mama wa Nshamba," akasema. "Msalimie."