Droo ya Wakili Pinga

Makarani walimpa jina la Pinga kwa siri, na siri yenyewe ilidumu siku moja. Alikuwa wakili wa serikali, na kazi yake ilikuwa kujibu maombi yanayoletwa mahakamani baada ya hukumu kutoka. Kila ombi lilipewa siku kumi na nne za kujibiwa. Pinga hakuwahi kutumia zaidi ya dakika moja, kwa sababu kwenye droo ya kushoto alikuwa na nakala mia mbili za ukurasa mmoja: "Serikali inapinga ombi hili. Halina mashiko. Litupiliwe mbali." Yeye alijaza namba ya kesi na kutia sahihi tu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. "Baba watoto, mvua hiyo, anua nguo," mkewe alimwambia siku moja.

"Ushahidi uko wapi?"

Ushahidi ulinyesha mpaka jioni, na joho lake la mahakamani lilikuwa kambani.

Basi Jumatatu moja droo ikagoma. Pinga akavuta, akapiga teke, akamwita mlinzi wakavuta wawili, wakaangukiana chali. Wapi! Juu ya meza palikuwa na barua ya mkono ya fundi viatu mmoja, mfungwa, ikiwa ya tatu tangu aanze kulalamika. Kwa kukosa la kufanya, Pinga akaisoma.

Fundi alisema jaji alimfunga miaka mitatu kuanzia siku aliyokamatwa, lakini gereza linahesabu kuanzia siku ya hukumu. "Hawa nao kwa kujitungia!" Pinga akacheka, akaagiza jalada ili ampinge kwa raha zake. Akafungua hukumu. Fundi alisema kweli tupu. Alipaswa kuwa nyumbani miezi minne iliyopita, na barua yake ya kwanza ilikuwa na umri wa miezi mitano.

Jasho likamtoka. Alijua vizuri kwamba wakili wa serikali halipwi ili ashinde tu. Akiona kosa, ni wajibu wake kuiambia mahakama, hata kama linambeba mpinzani. Akaandika kwa mkono wake, kwa jina la serikali, ombi la kurekebisha hati ya kifungo. Kurasa sita! Siku nzima alitembea kifua mbele kama aliyejenga gereza na kulibomoa mwenyewe.

Kesho yake seremala akatengeneza droo. Kesho kutwa karani wa masijala, kama ilivyo ada, akamrundikia mezani maombi mapya yote yanayohusu wafungwa. Pinga akachomoa nakala, akatia sahihi, akachomoa, akatia sahihi. Alimaliza kumi na moja kabla chai haijapoa.

Siku ya kesi jaji aliinua karatasi mbili.

"Wakili, serikali inaomba hati ya fundi huyu irekebishwe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hapa serikali inasema ombi la serikali halina mashiko, litupiliwe mbali. Sahihi zote mbili ni zako. Sasa nimsikilize nani kati yenu?"

Mahakama ikaangua kicheko, hadi askari magereza akashika tumbo. Fundi hakucheka. Wala mama yake, aliyekaa benchi la mbele na mfuko wa nguo za mwanawe mapajani.

Pinga aliwaona, akaona haya mpaka masikio yakawaka. "Mheshimiwa, asikilizwe yule wa kurasa sita. Huyu wa ukurasa mmoja hakusoma kitu."

Jaji akarekebisha hati palepale, fundi akaachiwa. Ukumbini, Pinga akijifuta jasho, mama akamfuata.

"Mwanangu, asante. Nilikuwa na swali dogo. Zile barua mbili za kwanza, nazo ulizisoma?"

Pinga akaacha kujifuta.

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo miezi minne hii mwanangu alikuwa anakusubiri wewe usome?"

Wakili akainamisha kichwa. Hakupinga.