Mguu wa Nne wa Chombo cha Mwezini

Elsie Nakhungu alikuwa na kinyaa na vinywa vya watu, na kazi yake ilikuwa meno. Cheka ukipenda. Mtaa mzima wa Manyatta ulicheka kabla yako.

Alizaliwa upande wa Kimilili, akaja Kisumu mwaka wa sabini na tisa kutafuta ukarani, akaishia chumba cha nyuma cha daktari mmoja wa meno, akifundishwa kutengeneza meno ya bandia. Daktari alikaa mbele na koti jeupe na shukrani zote. Elsie alikaa nyuma na stovu, sufuria, plasta, nta, na yale makopo. Usiniulize habari za makopo. Haya, nitasema, maana nikinyamaza utadhani natia chumvi. Kila asubuhi kulikuwa na makopo ya maji mezani, na ndani ya kila kopo meno ya mtu yaliyoletwa kurekebishwa. Maji yameshaingia utelezi. Katikati ya meno kumekwama uzi wa sukuma wiki ya juzi, na siku nyingine kichwa cha omena, wale dagaa wa ziwani, jicho likiwa bado lipo. Elsie aliyatoa kwa koleo, uso ameugeuzia dirishani. Mchana alikula mkate mkavu, kwa sababu hakuna kingine kilichokubali kupita kooni.

Nyumbani alisugua mikono kwa sabuni ya unga na limau mpaka ngozi ikapasuka. Mumewe alimwuliza siku moja, "Wewe unaosha kikombe kabla ya kunywa, unakiosha baada ya kunywa. Sasa unakunywa saa ngapi?" Hakungoja jibu. Alikwenda zake Eldoret, na Elsie akaosha kikombe chake mara ya mwisho na kukitupa. Miaka tisa iliendelea hivyo, mate ya watu asubuhi na limau jioni, na kama kuna mtu anaweza kuyaita hayo maisha, basi na ajitokeze.

Katikati ya mwaka wa themanini na nane, padri mmoja Mholanzi alikuwa anarudi kwao, na vitu vyake vikauzwa uani mwa kanisa. Wanawake waligombania masufuria. Elsie aliokota sanduku la karatasi ngumu lililokuwa chini ya viatu, lenye picha ya chombo kilichowapeleka wanadamu mwezini. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vya plastiki, vyeupe pepe, bado vimeshikana kwenye vijiti vyake kama vilivyotoka kiwandani karibu miaka ishirini nyuma. Hakuna mtu aliyewahi kuvigusa. Elsie alikinusa kimoja. Hakikunuka kitu. Alikaribia kulia pale pale, mbele ya watu.

Na alijua pa kukipeleka chombo hicho kikishaunganishwa. Kila Jumamosi mchana, mwalimu wa jiografia aitwaye Dalmas Ouma aliunganisha meza mbili kwenye ukumbi wa kanisa, akatandika blanketi la kijivu, akamwaga jivu juu yake, kisha akakandamiza mashimo kwa kitako cha chupa ya soda. Huo ulikuwa mwezi. Juu ya mwezi huo watu wazima sita, wenye ndevu na wenye watoto nyumbani, walipigana vita kwa dadu na rula. Wekundu walikaa upande huu na Buluu upande ule, na kila askari alikuwa punje ya mahindi iliyopakwa rangi. Vyombo vyao vya angani vilikuwa vifuniko vya dawa ya meno, na jemadari wa Buluu alipanda nusu ya ganda la yai. Elsie aliingia siku moja baada ya mazoezi ya kwaya, akasimama kutazama, na hakutoka tena. Vilikuwa vita visivyo na damu wala mate. Lakini walimwachia kurusha dadu tu, na wakamwita Mama Meno.

Sheria ya Dalmas ilikuwa moja. Anayetaka kuwa jemadari alete chombo, na chombo kisimame chenyewe. Dalmas alipiga meza ngumi tatu, pa, pa, pa, na kikianguka, kimeanguka na mwenyewe. Ganda la yai lilipita kwa sababu liliwekwa kifudifudi, na lilikuwa na bahati.

Elsie alianza kuunganisha chombo chake mwezi wa Agosti. Gundi iliyokuwa sandukuni ilikuwa imekauka ikawa jiwe, basi akatumia thina ya rangi, tone moja kwenye ncha ya sindano, plastiki inalainika kidogo, unabana, unahesabu mpaka sitini. Alikata kila kipande kwa wembe na kukipiga msasa. Mikono iliyokuwa imefunzwa kupanga magego ilipanga ngazi, milango, na vibomba vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Kilipokaribia kwisha, akahesabu miguu. Mitatu. Akamwaga sanduku, akalipekua, akafagia chumba, akafagia tena. Mguu wa nne haukuwemo tangu kiwandani.

Alijaribu kijiti, kikavunjika. Alijaribu waya wa hanga la nguo, ukapinda. Mfupa wa samaki wa mbuta ulisimama siku mbili kisha ukaanza kunuka, na Elsie akautupa huku akitukana kwa Kibukusu, lugha ya kwao, maneno ambayo sitayaandika. Dawa ilikuwepo na aliijua: ile plastiki ya rangi ya waridi inayotengenezewa ufizi wa bandia, ngumu, isiyopinda. Aliapa kwamba hiyo haitagusa chombo chake. Angepakaje ufizi wa watu kwenye kitu pekee kisafi alichokuwa nacho?

Halafu, Desemba mwanzoni, Dalmas akapata barua ya uhamisho. Wajir, kaskazini kabisa. Vita vya mwisho vitapiganwa Jumamosi tarehe kumi na saba, saa nane kamili, na Jumapili alfajiri yeye yumo ndani ya basi. Hakukuwa na mwingine aliyejua sheria zote za mwezi. Kama Elsie alitaka kuwa jemadari hata mara moja katika maisha yake, ilikuwa siku hiyo, basi.

Kazini, kwenye droo ya chini kabisa, kulikuwa na meno yaliyofungwa kwa gazeti. Meno sita ya chini, ya mbele, yenye waya imara wa kushikilia, na kikaratasi chenye jina la mtu na la kwao: Amolo, Pap Onditi. Ukikaa Kisumu unajua ni ya nini. Wazee wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya chini walipokuwa vijana, nago wanaiita, na mtu alijulikana kwa pengo lake. Siku hizi watoto wao wanaona haya na wanawaleta kwa daktari. Mzee Amolo alipimwa mwaka wa themanini na tano na hakurudi kuyachukua. Miaka mitatu. Elsie aliyatazama meno yale kwa muda mrefu. Hayajaingia kinywani mwa mtu, akajiambia. Ni safi kama sahani ya dukani.

Akayakata. Ule waya na kipande cha plastiki vilitoa mguu mzuri ajabu. Aliupaka rangi ya fedha mara mbili, na rangi ya waridi ikaendelea kuchungulia chini yake kwa ukaidi wa ufizi. Alipopiga meza ngumi tatu, chombo hakikutikisika. Lile pengo la dhamiri aliliziba kwa kusema kwamba mzee huenda ameshakufa.

Jumamosi yenyewe Daktari alikuwa amekwenda matangani Busia. Elsie alifika kazini kufunga madirisha tu na kuchukua chombo chake, kilichoachwa hapo rangi ikauke. Saa tatu asubuhi mlango ukabishwa, akaingia msichana aliyevaa vizuri, na nyuma yake mzee mrefu ameshika kofia mkononi.

"Habari ya asubuhi, mama. Mimi naitwa Anyango, na huyu ni baba yangu, Mzee Amolo wa Pap Onditi. Tumekuja kuchukua meno yake. Wakwe zangu wanakuja kesho kutoka Nairobi, na mpiga picha, na Baba hawezi kupigwa picha na mdomo hivyo. Aki ni aibu."

Mzee alimtazama Elsie machoni, kisha mikononi.

"Hiyo meno yangu iko?" akauliza polepole.

"Mayi wee!" Kibukusu kilimtoka bila kutaka. Elsie alishika ukingo wa meza. Neno moja tu lilitakiwa, hayapo, na kinywa chake kikakataa. Aliona Daktari akirudi Jumatatu, akaona polisi, akaona jina lake likipita sokoni: yule Mbukusu mwizi wa meno.

"Yapo, Baba," akasema. "Lakini ni ya zamani, ufizi wako umebadilika. Lazima nipime upya, nirekebishe. Yatakuwa tayari jioni."

Uso wa mzee ukasawijika. Elsie aliuona ukisawijika na akadhani ni uchovu wa safari.

"Jioni ni sawa kabisa," Anyango akasema. "Wacha nikatafute vitambaa vya meza. Baba, kaa hapo."

Elsie hakuwahi kupima mtu. Hiyo ilikuwa kazi ya chumba cha mbele. Alikoroga ule unga wa kuchukulia alama ya ufizi mpaka ukawa uji mzito, akaujaza kwenye kijiko cha kupimia, na akamwambia mzee afungue mdomo. Joto la pumzi likampiga usoni. Tumbaku, chai, na usingizi wa jana. Akaingiza vidole. Ulimi wa mzee ukamgusa, mzito na wa moto, na mate yakamshukia kwenye kifundo cha mkono, na hakuweza kuyafuta kwa sababu uji ulitaka kushikwa dakika tatu bila kutikisika. Dakika tatu, msomaji. Alizihesabu zote huku macho ameyafumba.

"Ninyi Wabukusu mnapima mwanamume na kisu ya jando," mzee alisema alipoachiwa, akijifuta kidevu. "Sisi tulipima na meno. Sikulia, unajua? Sita zote, na sikulia."

"Nyamaza, Baba, nafanya kazi," Elsie akajibu, maana ilikuwa imeshafika saa nne.

Plasta haiharakishwi. Ukiiharakisha inapasuka. Nta inataka ipoe, plastiki inataka ichemke mpaka iive, na stovu la Daktari lilikuwa na utambi wa kikohozi. Elsie alipanga meno sita kwenye nta huku akisikia kila dakika ikipita. Chombo chake kilikuwa mezani pale pale, kimesimama kwa miguu minne. Saa saba sufuria ilikuwa ndiyo kwanza inachemka. Saa nane kamili alikuwa ameinama juu ya mvuke, na kutoka hapo hakusikia dadu wala ngumi za ukumbini. Aliyachukia meno yale. Alimchukia mzee aliyesinzia kwenye kiti mdomo wazi, na Anyango na vitambaa vyake, na kinywa chake mwenyewe kilichosema yapo.

Saa kumi kichwa cha Dalmas kikatokea dirishani. "Mama Meno! Tulikungoja mpaka saa nane na nusu. Kwani ulikwama wapi?"

"Kazi," Elsie akasema. "Buluu wameongozwa na nani?"

"Ganda la yai."

"Wameshinda?"

"Wameshinda wapi! Wamekufa wote." Dalmas akakiona chombo mezani, akanyoosha shingo. "Eh. Kizuri hicho. Haya, Mungu akipenda tutaonana. Naenda kufunga mizigo." Akampungia mkono, akaenda.

Elsie alirudi kwenye tupa na msasa. Saa kumi na moja meno yalikuwa yanang'aa. Akamwamsha mzee, akayaingiza kinywani mwake kwa vidole vyake, akampa kioo. Yalikaa barabara. Miaka tisa alikuwa hajawahi kuona meno yake yakiwa kwenye uso wa mtu.

Mzee alijitazama upande huu, akajitazama upande ule. Kisha akakunja pua kama mtu aliyekuta mende kwenye mchuzi.

"Huyu ni nani?" akasema. Akayatoa, mate yakining'inia, akayaweka kwenye kiganja cha Elsie. "Nyathina, mwanangu, sogea nikwambie kabla huyu msichana hajarudi. Miaka mitatu nimeomba Mungu hiyo meno ipotee. Watoto ndio walitaka, si mimi. Wakiangalia mdomo yangu wanasikia kutapika, damu yangu mwenyewe. Leo asubuhi nikikuuliza, nikaona vile umeshika meza. Nikasema, asante Yesu, imepotea! Halafu ukasema iko."

Elsie alisimama na meno yenye joto mkononi.

"Kama ungesema tu imepotea," mzee akaendelea, "ningekununulia soda hapo nje, tucheke, nirudi Pap Onditi na mdomo yangu."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Elsie ilimchukua kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kila hatua aliitembea kwa mikono yake mwenyewe.

"Yalipotea, Baba," akasema, akikinyooshea kidole chombo pale mezani. "Niliyakata mimi. Haya ni mapya."

Mzee alikiangalia chombo, kisha Elsie. Lakini viatu vya Anyango vilikuwa vimeshafika mlangoni, ko, ko, ko, na sauti yake imetangulia: "Baba, uko tayari? Ebu vaa nikuone!"

Mzee Amolo akanyoosha mkono. Elsie akampa yale meno, na mzee akayavaa.