Gari Lisilozimwa

Mzee wa nyumba ya mbao, mkabala na kwa Aitalina, hakuwa amezima gari lake tangu baridi ya Yakutsk ianze kung'ata. Wengine nao hawazimi ovyo, maana injini ikilala nje huganda, na gari lisilo na banda haliwaki tena mpaka barafu iyeyuke. Ila yeye alizidi. Kila mara alitoka na koti lake la manyoya, akafunua blanketi zito la boneti, akatega sikio kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa, kisha akalichomeka upya pembe zote kwa vidole vilivyobabuka kwa baridi.

"Mzee, hilo dude linakunywa kuliko mjomba wangu," Aitalina alizoea kumtania.

"Liache linywe," alijibu kwa sauti ya kukwaruza. "Hospitali wakiniita, sitaki kuanza kubembeleza betri." Mkewe alikuwa amelazwa ng'ambo ya mto tangu majani yapukutike.

Asubuhi moja alirudi kutoka huko peke yake, taratibu, akaegesha palepale, akavua glavu, akageuza ufunguo. Uani kukawa kimya. Aitalina akatoka mbio na ndara za ndani.

"Mzee, gari limezimika. Liwashe upesi, litaganda hilo."

"Nimelizima mwenyewe, mwanangu."

Akashuka, akalitandika blanketi juu ya boneti, akachomeka pembe zote kama kawaida yake. Safari hii hakutega sikio.